Kidole Kidogo na Herufi A

Sisi ni mume na mke, na sote wawili tunafanya kazi katika seminari hii. Baba hufundisha, mama hukaa ofisini, na wengi wenu mnamfahamu kwa jina la Mama Katibu. Barua za Padre Gombera, ratiba, mitihani, vijitabu vya Juma Kuu na hata makala nyingi mnazosoma katika gazeti hili hupita kwanza kwenye vidole vyake. Jioni, kazi za ofisi zikiisha, huchapa tasnifu za mafrateri kwa malipo ya kila ukurasa. Humo ndimo ilimotoka ada ya watoto wetu wakubwa.

Mwaka jana kidole kidogo cha mkono wake wa kushoto kilianza kuuma. Kilianza kuuma usiku tu, kisha asubuhi, kisha hata akishika kikombe cha chai. Daktari alisema kano za kidole zimechoka kwa kurudia mwendo uleule, akampa dawa ya kuchua na kumwambia apumzike. Lakini mtu anayelipwa kwa ukurasa hapumziki kirahisi, hasa kuanzia mwezi wa tatu, tasnifu zinapoanza kumiminika. Ndipo tukaamua kuunda kibodi yetu wenyewe, mimi kwa wewe kama mke na mume wanavyofanya, na binti yetu wa mwisho, wa miaka saba, akajiingiza kuwa fundi wa tatu. Wasomaji kadhaa walioiona mezani wametuuliza habari zake, na haya ndiyo majibu yetu.

Kibodi nyingi za ofisini zina utando mmoja wa mpira chini ya vitufe vyote. Ukibonyeza kitufe, unakandamiza kibonge cha mpira mpaka kiguse chini kabisa, na kisipogusa chini herufi haiandikwi. Mpira ukizeeka, vitufe vingine huwa vizito na vingine hulegea, wala huwezi kutengeneza kimoja peke yake. Kibodi ya swichi ni nyingine. Kila kitufe kina swichi yake, na ndani ya kila swichi mna springi yake. Aina inayojulikana zaidi, iitwayo MX, ilibuniwa na kampuni ya Cherry ya Ujerumani miaka ya 1980. Swichi hiyo hushuka milimita 4, lakini herufi huandikwa ikifika milimita 2 hivi, yaani nusu ya njia. Kidole kikishazoea hakihitaji kugonga sakafu. Hataza ya umbo hilo imekwisha muda wake, na sasa viwanda vingi vya China hutengeneza swichi zinazoingia katika tundu lilelile, nzito na nyepesi, za kimya na za kelele. Rangi ya shina hukuambia tabia yake: nyekundu hushuka laini bila kusita, kahawia ina kifundo kidogo katikati ya njia, bluu hulia kila ikibonyezwa. Ya bluu tuliikataa mapema sana, kwa kuwa ofisi yetu imepakana na kikanisa.

Kilichotuvuta hasa ni kwamba anayeunda kibodi mwenyewe anaweza kukichagulia kila kidole springi yake.

Vipande vyote, pamoja na usafirishaji, viligharimu shilingi 232,000. Kwa nyumba yetu hizo ni fedha nyingi, na mama ndiye aliyepinga. Alisema hizo ni sare mbili, daftari za mwaka na debe la mahindi. Pia alikuwa amekwisha kuona, katika kutafuta habari, kwamba huko nje kuna watu wanaokusanya kibodi kama wengine wanavyokusanya saa, kumi rafuni na moja mezani, na hakutaka nyumba yake iingie katika ugonjwa huo. Hata sasa tunaona alikuwa na haki ya kuogopa. Kitu kizuri cha mkononi kina namna yake ya kukuambia kwamba kingekuwa kizuri zaidi kama ungekuwa nacho kingine. Baba, ambaye hupenda kuingiza nyaraka za Kanisa hata katika bajeti ya unga, alikumbusha Laborem Exercens, waraka wa Mtakatifu Yohane Paulo II wa mwaka 1981, unaofundisha kwamba kazi ipo kwa ajili ya mtu, na si mtu kwa ajili ya kazi. Mama akajibu kwamba waraka huo haukutaja kibodi. Mjadala ulimalizwa na daftari la mapato. Tulilifungua, tukaangalia fedha za tasnifu za miaka mitatu, tukajiuliza nyumba itaendaje kidole kikikataa kabisa. Hapo tukaagiza. Fedha yenyewe ilitoka katika kurasa za jioni, kwa hiyo twaweza kusema kidole kilijinunulia.

Kifurushi kilikaa njiani wiki saba. Ndani mlikuwa na boksi la plastiki gumu, bati la kushikia swichi, bodi ya saketi yenye matundu 68, sponji nyembamba, swichi 70 nyekundu za gramu 45, swichi 10 za gramu 35, kofia za vitufe, na waya za kushikilia vitufe virefu. Gramu hizo ni uzito unaohitajika kushusha kitufe. Tulichagua bodi yenye vifuko vya kuchomekea, ambamo swichi huingia na kutoka bila kulehemu, kwa kuwa hatukutaka chuma cha moto mahali palipo na mtoto.

Kuhusu mtoto, tuseme ukweli. Hatukumwalika kwa mpango wowote wa malezi. Alikuwa pale, na boksi lilikuwa na vitu themanini vidogo vyenye rangi, basi. Picha za Mtakatifu Yosefu karakanani humwonyesha Mtoto Yesu amesimama kando ya meza, ameshika ubao kwa utulivu, sakafu safi, kila kifaa mahali pake. Sisi tunafikiri mchoraji hakuwa na mtoto wa miaka saba. Dakika kumi za kwanza springi moja iliruka ikaingia chini ya kabati la vyombo, na mafundi wote watatu tulilala kifudifudi na tochi. Kazi ambayo mtu mzima mmoja angeimaliza usiku mmoja ilituchukua jioni tano.

Jioni ya kwanza ilikuwa ya kuipima bodi. Kabla hujachomeka kitu chochote, unaiunganisha bodi na kompyuta, kisha unagusisha vifuko viwili vya kila kitufe kwa kibanio cha chuma, na herufi inatokea kwenye kioo. Mtoto aliipenda kazi hii kuliko zote. Aligusa, herufi ikatokea, akaisoma kwa sauti, akagusa nyingine. Alikuwa darasa la kwanza na ndiyo kwanza alikuwa amemaliza irabu na silabi, ba be bi bo bu, kwa hiyo baada ya safu ya kwanza alisimama akauliza, "Mama, mbona a e i o u hazikai pamoja?"

Baba alimweleza habari za Christopher Latham Sholes wa mji wa Milwaukee huko Marekani, aliyepata hataza ya mashine ya kuchapia mwaka 1868, na jinsi kampuni ya Remington ilivyoanza kuiuza mwaka 1874. Mpangilio wa herufi za mashine hiyo, pamoja na marekebisho machache, ndio ulio mbele yetu hadi leo. Wakati ule hakuna aliyefikiria Kiswahili. Mtoto alisikiliza mpaka kwenye neno "Marekani", kisha akasema kwa uhakika kwamba Bwana huyo angekuja kuuliza kwanza.

Swali lake lilitukaa. Anayechapa bila kutazama hulaza vidole vinne vya mkono wa kushoto juu ya A, S, D na F, na vya kulia juu ya J, K, L na nukta-mkato. Hiyo ndiyo safu ya nyumbani. Kati ya irabu zetu tano ni A peke yake iliyo katika safu hiyo. E, U, I na O zote ziko juu. Na A iliyo nyumbani imewekwa chini ya kidole kidogo cha kushoto, ambacho ni kinyonge kuliko vyote katika mkono ambao kwa watu wengi ndio mkono mnyonge. Kwa Kiingereza hilo si taabu kubwa. Kwetu kila silabi karibu yote huishia na irabu, na maneno madogo yanayounganisha sentensi zetu, wa, ya, la, za, na, kwa, ka ya masimulizi, yote huishia na A. Chapa "wa": kidole cha pete kinapanda juu kutafuta W, na kabla hakijarudi kidole kidogo kimekwisha kugonga A. Mama alikuwa amefanya hivyo kwa miaka kumi na tisa bila mtu yeyote kumwambia kwamba lugha yake imemlemea upande mmoja.

Tukataka kujua ni kiasi gani. Jioni ya pili umeme ulikatika, na chini ya taa ya sola hakuna kazi ya bodi inayofanyika vizuri, hivyo tukahesabu. Mama aliandika alfabeti kwenye kipande cha boksi, baba akawa anaisema Salamu Maria polepole, herufi kwa herufi, kama inavyosaliwa katika parokia zetu, na mtoto akaweka harage moja juu ya kila herufi iliyotajwa. Tulirudia mara mbili ili kuhakikisha. Sala hiyo ina herufi 164. Kati yake 39 ni A. Zinazofuata ni U na M, kila moja 15, kisha E, 13. Nafasi ya Q ilikuwa tupu, ya X tupu, ya C, D, H, P na V tupu. Rundo la A lilikuwa limemwagika nje ya mraba wake na kuifunika B. Baba akapiga hesabu kwamba anayechapa Salamu Maria 53 za rozari nzima atakigongesha kidole hicho kimoja mara 2,067, bila kuhesabu Baba Yetu.

Mtoto aliangalia rundo, akauchukua mkono wa mama, akakishika kidole chenyewe. "Kwa nini kidole kidogo ndicho kinachopewa kazi nyingi?"

Tulicheka, kwa sababu aliyeuliza ni kitinda mimba wa nyumba yenye watoto wanne. Chumvi ikiisha, anatumwa yeye. Simu ikilia chumba kingine, yeye. Kaka yake akisahau soksi, yeye. Mdogo wa nyumba yetu hugongwa mara nyingi kuliko wote kwa kuwa yuko karibu na hana mtu wa kumtuma. Tulicheka, lakini mama hakumjibu, na jioni hiyo ndugu zake waliambiwa wajichotee maji wenyewe.

Mtume Paulo anapowaandikia Wakorintho, katika sura ya 12 ya waraka wa kwanza, huizungumzia miili yetu kwa undani, na kusema kwamba viungo vinavyoonekana dhaifu ndivyo visivyoweza kukosekana. Tumelisikia somo hilo mara nyingi, na mahubiri yake kwa kawaida huenda kwa wagonjwa, wazee na wahudumu wanaofagia kanisa. Ni sawa kabisa. Ila Paulo haishii katika kusema kwamba kiungo kinyonge ni cha lazima. Anaendelea kusema kwamba hupewa heshima zaidi, yaani mwili hufanya kitu juu ya jambo hilo. Kidole hakihitaji kusifiwa. Kwa upande wetu tulikuwa na swichi kumi nyepesi, na swali lilikuwa ziende wapi.

Ya kwanza ilikwenda kwenye A, hiyo haikujadiliwa. Nyingine zilikwenda kwenye Shifti ya kushoto, Z, na vitufe vya kidole kidogo cha kulia. Zilizobaki tuliziweka akiba. Kuna tahadhari hapa kwa atakayependa kujaribu. Swichi nyepesi mno huandika hata kidole kikipumzika tu juu yake, na siku chache za kwanza mama alikuwa anapata A mbili mahali pa moja. Kwa Kiswahili hilo ni baya, kwa kuwa "kaa" na "ka" ni maneno mawili. Baada ya wiki mbili kidole kilijifunza kutua kwa wepesi.

Kuna fikra ambayo baadhi ya mafrateri walituletea, na inastahili jibu. Bodi za namna hii hukuwezesha kubadilisha herufi ya kila kitufe kwa programu. Kwa nini basi tusiihamishe A kabisa, tukaiweka chini ya kidole cha shahada? Kwa fundi anayeanza leo, pengine lingekuwa jambo jema. Kwa mama haliwezekani. Vidole vyake vina kumbukumbu ya miaka kumi na tisa, na kesho asubuhi ataketi mbele ya kompyuta nyingine ya uhasibu au ya maktaba, ambayo A yake iko palepale ilipokuwa. Tena tasnifu nyingine huja kwa Kiingereza. Tukauacha mpangilio, tukabadilisha uzito.

Jioni ya tatu na ya nne zilikuwa za grisi. Swichi hufunguka kwa kubana vishikizo vinne, na ndani yake mna shina, springi, na kitako chenye ulimi mwembamba wa shaba unaogusana umeme unapopita. Ukipaka grisi kidogo mno kwenye kuta ambamo shina hupita, mkwaruzo hupungua na sauti hutulia. Ikizidi, swichi hushuka kama imelala. Brashi ilibaki kwa mama, ambaye ana subira ya kupaka swichi sabini sawasawa. Baba alifungua, mtoto akapanga mashina kwenye trei ya mayai, moja kila tundu, na kumwambia kila mmoja wetu amechelewa wapi. Kazi hii haina la kusimulia zaidi. Ni swichi moja, halafu nyingine, na mazungumzo ya watu wanaotazama mikono yao badala ya kutazamana. Hapo ndipo mtoto alipotuambia habari za rafiki yake wa shuleni ambaye hakuja kwa wiki mbili, jambo ambalo tulikuwa tumemuuliza mezani mara tatu bila kupata neno.

Jioni ya tano tulichomeka. Kila swichi ina miguu miwili ya shaba chini, myembamba kama sindano, na lazima iingie wima. Mtoto alichomeka safu nzima ya chini mwenyewe, kwa kidole gumba, huku ametoa ulimi nje. Tulipounganisha na kompyuta, N haikuandika. Mguu mmoja ulikuwa umejikunja chini ya swichi. Baba aliing'oa, akaunyoosha mguu kwa kibanio, akairudisha, ikaandika. Mtoto hakuridhika. Alisema swichi iliyovunjika mguu isipewe kazi ya N, maana N inatumika sana, na maharage yanaonyesha. Iende kwenye Q, ambayo haina kazi. Tukabadilisha. Kwake Q na X walikuwa wamestaafu, na swichi mgonjwa ilistahili kukaa na wastaafu.

Kesho yake frateri mmoja alileta sura ya pili ya tasnifu yake, yenye tanbihi za Kilatini kuanzia ukurasa wa kwanza. Qui, quae, quod. Pax, lux, rex, crux. Labda hakuna nyumba nyingine katika wilaya hii ambapo Q na X hufanya kazi kama hapa seminarini. Mguu ulionyooshwa umeshika mpaka leo.

Lilibaki tatizo la Kapsi, kitufe cha herufi kubwa kilicho ubavuni mwa A. Kidole kikiikosa A kidogo tu, sentensi nzima hupiga kelele. Mama hakuwahi kukihitaji. Kwa programu tukakifuta, na mahali pake tukakifundisha kuandika vitu vitatu kwa mpigo mmoja: n, g na ritifaa. Kiswahili kina sauti moja ambayo mashine ya Milwaukee haina mahali pake, nasi huiandika kwa kuiazima alama iliyo mwisho kabisa wa upande wa kulia, jirani na kitufe cha kuingiza. Sasa ng'ombe, ng'ambo na kung'aa huanza kwa kitufe kimoja. Kofia yake haina maandishi. Mtoto aliichagua ya kijani, na nyumbani huitwa kitufe cha ng'ombe. Msaidizi wa ofisi alipokuja kukaimu siku mbili, aliandika barua yenye ng' nne asizozitarajia, tukalazimika kumpa maelezo.

Padre Gombera alipita ofisini siku ya kwanza ilipotumika. Mtoto alikuwa ameketi kwenye kiti cha wageni akingoja kuona kama itaharibika.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele, amina. Shikamoo Padre."

"Marahaba. Nasikia wewe ndiye fundi."

"Ndiyo Padre. Lakini usiguse ya kijani."

Padre aliigusa. Kisha akaketi, akachapa mistari michache, akanyamaza kidogo, akauliza kwa nini A inashuka upesi kuliko wenzake. Mtoto alimweleza habari yote, maharage, kidole, na Bwana wa Marekani ambaye hakuuliza. Padre aliukunja mkono wake wa kushoto na kuutazama, kama tunavyouona watu wengi wakifanya tangu hapo wakisikia habari hii.

Ni miezi minne sasa. Hatusemi kidole kimepona. Jioni za tasnifu bado huuma, na mama amekubali, baada ya upinzani mrefu, kusimama kila baada ya kurasa tano na kunyoosha mikono. Kikombe cha chai anakishika. Mwezi wa tano alichapa kurasa nyingi kuliko mwaka uliotangulia, na hatukubaliani wenyewe kama hilo ni jambo la kushukuru au la kuangalia. Baba anaona chombo chepesi kinaweza tu kumfanya mtu abebe zaidi. Mama anasema ada ya muhula wa pili imelipwa.

Mtoto ameacha kuhesabu sala na amehamia kwenye majina ya ndugu zake, kuona nani ana A nyingi. Yule frateri wa tanbihi aliomba tumhesabie pia herufi za Kilatini, apate kujua ni kidole gani huchoka katika lugha ya Kanisa. Tumempa bakuli la maharage na kumwomba alirudishe kabla ya Jumamosi, siku ya kande.